Konokono wa Pauni Mbili

Kwa miezi minane sikuachana na daftari ambalo mke wangu alilipa jina la mke mwenza. Humo ndimo nilimopanga tangi kubwa la maji ya chumvi, lenye matumbawe na samaki wake, ambalo nilikusudia kuliweka sebuleni kwetu mjini Leicester, katikati ya Uingereza. Mji huu hauna pwani wala harufu ya pwani, na hatuko mbali sana na Coton in the Elms, kijiji ambacho wapima ramani hukitaja kuwa ndicho kilicho mbali zaidi na bahari nchini humu, takriban kilomita 113. Mzaliwa wa Unguja akikaa miaka kumi na miwili mahali kama hapo, akili humfanyia mambo. Yangu ilinituma kupima kuta.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kina cha 60. Mimi ni mhasibu, na kwa mhasibu tangi ni hesabu kwanza, samaki baadaye. Maji, kioo, mawe, kabati na tangi dogo la chini vilipita tani moja, na sakafu yetu ni mbao zilizolazwa juu ya boriti, kama dari za nyumba za Mji Mkongwe, tofauti ikiwa ni kwamba boriti za huku si za mikoko na hazikuahidi kumbeba mtu yeyote na bahari yake. Niliinua mbao mbili, nikajilaza kifudifudi na tochi mdomoni, nikahakikisha kwamba tangi litakaa kando ya ukuta mnene na litapita juu ya boriti nyingi badala ya kulala juu ya moja au mbili. Mke wangu alinikuta katika hali hiyo, akaniuliza kama nimedondosha pete ya ndoa.

Baada ya uzito yalikuja maji. Maji ya mfereji hayafai kwa matumbawe, kwa sababu yana klorini, nitrati na vitu vingine ambavyo mwani huvifurahia kuliko matumbawe yenyewe. Nilinunua mtambo wa osmosi kinyume, unaoyachuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, ambao kwa kila lita moja safi ulimwaga lita tatu hivi bombani. Nilihitaji lita 700 kwa jumla. Ilikuwa majira ya baridi, na maji yakiwa baridi mtambo huo hufanya kazi kwa kusitasita, hivyo ilinichukua siku tisa za kubadilisha ndoo. Kisha ikaja chumvi, gramu 38 kwa kila lita, yaani kilo 26 na ushee za chumvi maalumu iliyokuja kwa gari ikiwa ndani ya ndoo yenye picha ya kisiwa cha kitropiki.

Nilimpigia simu Bi Mkubwa, yaani mama yangu mzazi, nikamsimulia hayo yote kwa fahari. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

“Mwanangu,” alisema hatimaye, “umeyatoa maji chumvi iliyokuwamo, halafu ukanunua chumvi kuyatia?”

Nilimweleza kwamba si hivyo hasa. Akasema anamwomba Mola anisahilishie. Wiki iliyofuata alinipigia yeye, akitaka kujua kama aniletee jiwe moja zuri la matumbawe kutoka Nungwi ndani ya sanduku lake, kwa kuwa alikuwa amepata viza ya kututembelea. Ilinibidi nimweleze kwamba biashara na usafirishaji wa matumbawe magumu baina ya nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na kwamba mimi nitanunua vipande vilivyokuzwa shambani, kila kimoja kikiwa kimegundishwa juu ya kidonge cha udongo.

“Nyumba nzima ya babu yako imejengwa kwa mawe hayo hayo,” alisema. “Leo yanataka kibali?”

Sehemu ya kuwangoja bakteria wanaosafisha maji wazaliane nitaipita haraka, kwa kuwa ilihusu kutazama tangi lisilo na kitu kwa wiki sita, huku nikipima kila jioni amonia ikigeuka nitriti, na nitriti ikigeuka nitrati. Wageni waliokuja walipongeza taa.

Sasa nielezee bomba, maana humo ndimo fitina ilimolala. Chini ya tangi, ndani ya kabati, huwekwa tangi dogo ambalo wafugaji huliita sampu, na ndani yake hukaa hita, mtambo wa kuondoa uchafu kwa povu, na pampu. Maji ya juu hufurika kupitia kizingiti, yakashuka kwenye sampu, yakasafishwa na kupashwa joto, kisha pampu ikayarudisha juu. Pampu ikifanya kazi, mzunguko hauna shida. Pampu ikisimama, bomba la kurudishia maji, ambalo mdomo wake umezama ndani ya tangi la juu, hugeuka mpira wa kuvutia mafuta ya taa: maji yaliyokuwa yakipanda huanza kushuka kwa njia ile ile, nayo hayaachi kushuka mpaka mdomo wa bomba upate hewa.

Mtu mwenye busara huuweka mdomo huo karibu na uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Nami niliuweka hapo. Lakini maji yalitoa sauti ambayo mke wangu aliifananisha, mbele ya wageni, na choo kisichofunga vizuri. Nikauzamisha sentimita kumi, sauti ikafa. Kufidia hilo nilitoboa tundu la milimita tano kwenye bomba, sentimita moja chini ya uso wa maji, ili umeme ukikatika tundu hilo livute hewa na kuukata mvuto. Siku ya kwanza nilizima pampu mwenyewe, nikasimama na saa mkononi. Tundu likapiga mluzi mwembamba, maji yakasimama, sampu haikumwagika. Katika daftari niliandika kwa wino mwekundu: IMEPITA. Wafugaji wakongwe husema tundu la aina hiyo lisitegemewe peke yake. Niliwaona watu waoga.

Jambo jingine ni kwamba vifaa vyote, kwa ajili ya unadhifu, nilivichomeka kwenye soketi moja ya ukutani, na soketi za Uingereza zina swichi. Nilijiambia kwamba umeme wa huku haukatiki. Aliyejiambia hivyo ni mtu yule yule aliyekuwapo Unguja mwaka 2008 kisiwa kilipokaa gizani takriban mwezi mzima, na akawapo tena Disemba 2009 giza liliporudi na kuendelea hadi Machi 2010, pampu za maji zikasimama na sisi tukapanga foleni na madumu. Kama kuna kiumbe aliyepaswa kujiuliza maji huenda wapi pampu ikisimama, ni mimi.

Bi Mkubwa alifika Aprili, amevaa makoti mawili. Tangi lilikuwa na miezi minne na lilikuwa limeanza kupendeza. Kulikuwa na vipande kumi na viwili vya matumbawe, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono wanane wa kula mwani, ambao nilinunua kwa pauni mbili kila mmoja, na kangaja mmoja wa buluu, wale wenye pezi la manjano mgongoni ambao makao yao ni Bahari ya Hindi. Mama alimtazama kangaja kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mnunuzi pale soko la Darajani.

“Huyu umempata kwa kiasi gani?”

Nikamwambia: pauni 70.

“Kangaja?” Aliketi. “Kangaja mmoja? Na hata kumla hamumli?”

Kuanzia hapo, kila tulipokaa kula, alimtupia samaki yule jicho ambalo sikulipenda.

Nyumbani kwetu Unguja umeme hununuliwa kwa mita ya Tukuza, ya kulipia kabla, na mtu aliyeishi na Tukuza halali kabla ya kuzunguka nyumba nzima na kuzima kila swichi inayozimika. Usiku wa tatu, sisi tukiwa tumelala, Bi Mkubwa aliamka kunywa maji, akakuta kabati linanguruma na taa ndogo ya buluu inawaka bila mtu wa kuitazama. Akaniokolea pesa.

Kwa haki, mpango wangu ulikuwa umelizingatia tukio hilo. Pampu ilisimama, maji yakaanza kushuka, na tundu la milimita tano lilipaswa kupiga mluzi wake. Lakini usiku huo konokono mmoja kati ya wale wanane alikuwa amepanda bomba akila mwani, na kati ya eneo lote lililokuwapo ndani ya tangi la sentimita 180, alikuwa amechagua kupumzika juu ya tundu. Maji yalipoanza kumvuta, naye alifanya kile ambacho konokono hufanya akihisi anavutwa: alijigandisha.

Hesabu yake niliifanya baadaye, kwa sababu siwezi kujizuia. Sentimita 180 mara 60 mara 10 ni lita 108. Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 40. Zilizobaki, lita 68, zilikwenda kuitembelea sebule.

Nilipoamka kuswali alfajiri nilishuka ngazi bila viatu, na hatua ya mwisho ikatoa sauti ambayo zulia halipaswi kutoa. Nilifikiri ni bomba la jikoni. Nikachovya kidole, nikaonja. Ilikuwa bahari. Ndara za Bi Mkubwa, ambazo alikuwa amezipanga vizuri mbele ya kabati, zilikuwa zimelowa chapachapa, na ule mkeka wa ukili alioubeba kutoka Makunduchi kama zawadi ulikuwa umefyonza sehemu yake ya maji na kuvimba ncha.

Akatokea mlangoni na ushungi wake. “Kumbe linavuja,” alisema kwa huruma. “Bora nililizima.”

Hapo nilifanya kosa la pili, ambalo siwezi kumsingizia konokono. Kwa kihoro nilirukia swichi na kuiwasha bila kutafakari. Pampu ikaanza kuyarudisha juu maji yaliyosalia katika sampu, lakini kwa kuwa lita 68 zilikuwa zuliani, sampu ikapungukiwa, pampu ikanyonya hewa kwa sauti ya mtoto anayemaliza juisi kwa mrija, na kile kifaa kinachojazia maji yaliyokauka kikaona kina kimeshuka. Kazi yake ni kuongeza maji safi yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji yakikauka chumvi hubaki. Hakikujua kwamba safari hii chumvi ilikuwa imeondoka na maji yake. Kikamimina lita 50 zote za akiba, kwa uaminifu mkubwa, huku mimi, mke wangu na Bi Mkubwa tukiwa tumepiga magoti tunakamua mataulo. Nilipokumbuka kupima, chumvi ilikuwa imeshuka kutoka gramu 35 kwa lita hadi 32 na kidogo, na joto kutoka nyuzi 26 hadi 22.

Samaki walipona, na matumbawe yalinuna siku tatu kisha yakafunguka. Zulia ndilo lililokataa kusamehe. Maji ya kawaida yangekauka, lakini chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo kila tulipodhani limekauka, mvua ya Leicester ililikumbusha. Tulilisuuza mara nne. Mwishowe mke wangu alilikata kwa kisu, akalikunja na kulitoa nje, na alipopita karibu na daftari langu alilitupia jicho lile lile alilopewa kangaja.

Jumamosi iliyofuata niliuinua mdomo wa bomba hadi sentimita moja na nusu chini ya uso wa maji, kiasi ambacho kingeshusha lita 16 tu hata konokono wote wanane wakiamua kulala mahali pamoja. Nilikitenga kifaa cha kujazia maji katika soketi yake. Sauti ya choo ilirudi, na mke wangu akasema ataivumilia. Kisha nikaita watu wa nyumba nzima kwa ajili ya jaribio. Mwanangu alipewa kazi ya kuhesabu konokono, mke wangu alishika ndoo, na Bi Mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu, alipewa swichi.

Akazima. Maji yakaanza kushuka. Sampu ikajaa, ikajaa, ikafika mstari niliouchora kwa kalamu nyeusi, na hapo hapo mdomo wa bomba ukakoroma na kila kitu kikanyamaza.

“Konokono saba,” alisema mwanangu. “Wa nane simwoni.”

Tulimtafuta kwa tochi. Alikuwa juu ya bomba, amekaa sawasawa juu ya tundu.

Bi Mkubwa aliichungulia sampu ambayo haikumwaga hata tone, akaitazama swichi chini ya kidole chake, kisha akanigeukia akiwa ameridhika kabisa.

“Basi sasa,” alisema, “naweza kuwa nazima kila usiku?”