Kibali Kilichopandisha Majitaka Mlimani

Picha ilinifikia saa tisa usiku kwa saa za huku. Ukuta wa nyumba ninayojenga Dar, matofali hayajapigwa lipu, na juu yake X kubwa ya rangi nyekundu na neno SIMAMISHA. Mdogo wangu anayenisimamia ujenzi hakuongeza kitu zaidi ya "Kaka, ukiamka nipigie."

Nikampigia palepale. Kumbe tatizo si ukuta, ni choo. Jirani yetu wa upande wa bondeni, nitamwita Mama Zai, amekwenda serikali ya mtaa kulalamika kwamba shimo letu la majitaka limechimbwa mgongoni mwa kisima chake. Nilichomjibu mdogo wangu naona aibu hata kukiandika: "Waambie tuna kibali." Kana kwamba uchafu unajua kusoma.

Na maneno hayo hayakuwa mapya mdomoni mwangu. Miaka michache nyuma niliyatamka huku Massachusetts, tena kwa sauti ya juu kuliko hiyo.

Nyumba yetu huku iko kwenye mji mdogo usio na bomba la majitaka. Watu wa nyumbani nikiwaambia hivyo hudhani nawatania, lakini ndivyo ilivyo: Marekani, na choo chako kinaishia uani kwako. Tenki la zege, kisha eneo la kunyonyea ambako maji yanazama ardhini, na upande wa pili wa uwanja kisima tunachokunywa. Mama alipokubali kuja kukaa nasi, nikataka kukarabati chumba cha chini kiwe chake. Bodi ya afya ya mji ikakataa. "Nyumba hii ina kibali!" nikafoka. Mfumo, wakasema, ulisanifiwa kwa vyumba vitatu vya kulala, na mimi naongeza cha nne. Kanuni ya jimbo, wenyewe wanaiita Title 5, inahesabu galoni 110 za majitaka kwa siku kwa kila chumba cha kulala. Haijali mko wangapi ndani.

Nikabadili maneno: si chumba cha kulala, ni ofisi. Kina dirisha? Kina. Kina umeme? Kina. Kinafika futi za mraba 70? Kinazidi. Mtu akifunga mlango anapata faragha? Anapata. Basi ni chumba cha kulala, hata ukihifadhi mahindi.

Mama akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Yaani baba, serikali ya huko inahesabu vitanda?"

Nikaitwa kikaoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, mhamiaji anayeonewa, mama mzee, kila kitu. Watu watatu walionikalia mezani hawakuitaka. Walinipa njia mbili. Ya kwanza, kupanua mfumo. Ya pili, kusaini zuio linalosajiliwa pamoja na hati ya nyumba, kwamba hii ni ya vyumba vitatu, na yeyote atakayeinunua linamfuata.

Nikajaribu ya kwanza. Ukaja mtambo, ukachimba shimo lililonizidi kimo. Mtaalamu akashuka na kisu, akawa anakwangua ukuta wa udongo akitafuta madoa ya rangi ya kutu. Madoa hayo huonyesha maji ya ardhini yanapanda hadi wapi msimu wa mvua, hata kama siku unayochimba ni pakavu. Wakamwaga maji, wakatoa saa, wakahesabu dakika ngapi zinapita maji yakishuka inchi moja. Madoa yalikuwa juu mno. Eneo la kunyonyea lingebidi kuinuliwa kwa mchanga wa kununua, na bei niliyotajiwa ilizidi ya gari ninaloendesha. Nikasaini zuio. Mama alikuja, anakaa "ofisini", na msiniulize zaidi.

Nilikasirika, nisiwadanganye. Ila kuna kitu sikukiona mpaka baadaye: kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna aliyeniuliza namjua nani. Waliuliza maji yako wapi.

Nikarudi Dar mwezi wa Nne, masika imekolea, njia ya kwenda kiwanjani ni tope tupu. Nikaomba ramani iliyogongwa muhuri. Inaonyesha shimo liko kona ya juu ya kiwanja. Fundi amelichimba kona ya chini. Kabla sijafungua mdomo kumkaripia akaniuliza kwa upole, "Bosi, bomba linapanda mlima?"

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kiwanja chetu kina mteremko. Aliyechora hakuwahi kufika, aliyepitisha hakuwahi kufika, na mimi niliyelipa nilikuwa mbali, nawasimulia watu jinsi nchi za wenzetu zilivyo na utaratibu. Kibali changu kiliruhusu majitaka yapande mlima.

Fundi naye ana lake. Shimo lake halikuwa na sakafu. Ndiyo sifa yake kubwa sokoni: "Hili halijai hata miaka kumi." Tumezoea kulisikia kama jambo jema, kwa sababu gari la kunyonya majitaka ni gharama na halifiki kila uchochoro. Lakini shimo lisilojaa linamwaga mahali. Wengine wanasubiri mvua kubwa watapishe choo kwenye mafuriko, tunawalaani, sawa. Sisi wenye mageti tunatapisha kila siku, chini kwa chini, bila kusubiri mvua.

Tukaitwa ofisi ya mtaa: mwenyekiti, mtendaji, bwana afya, mashahidi wawili na benchi linaloyumba. Nikamwamkia Mama Zai, akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akasema mbele ya wote, "Mwanangu, wewe utarudi Marekani. Mimi nitabaki na kisima." Maji hayo anauza kwa dumu. Mtaa mzima unayatumia bomba likikatika.

Bwana afya hakutaka maneno mengi. Kesho yake alikuja na mabuti, akachukua mti, akauchovya shimoni. Choo hakijatumiwa hata na mtu mmoja, na shimo lina maji ya kufika gotini. Hakusema kitu, alituonyesha tu mti ulipoloa. Ule ulikuwa mtaalamu wangu wa Massachusetts na kisu chake, bila ankara.

Tepu ikavutwa: mita 9 hadi kisimani. Huku ninakoishi eneo la kunyonyea halikaribii kisima cha nyumba chini ya futi 100, karibu mita 30. Nilitaka kuisema ile namba kwa mbwembwe, nikajizuia baada ya kupiga hesabu. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ukipima kona hadi kona, ni mita 28. Tungefuata kanuni ile neno kwa neno, mimi na Mama Zai mmoja wetu hana choo au mwingine hana maji. Ndugu zangu wa ughaibuni mnaosema "wangefanya kama Ulaya", vuteni kwanza tepu.

Tulikubaliana hivi: shimo liwekewe sakafu ya zege na lipu isiyopitisha maji, liwe tenki kweli, na maji yanayotoka yapelekwe kona ya pili ya chini kwenye mfereji usio na kina uliojazwa kokoto, mita 21 kutoka kisimani. Mita 21 si 30, najua. Mama Zai naye atawaambia wateja maji yake si ya kunywa bila kuchemsha. Gharama zote kwangu, pamoja na "ya muhuri" mara mbili bila risiti. Tangu siku hiyo mama yule anakuja kila asubuhi na kiti chake cha plastiki kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia shimoni. Massachusetts sikupata mkaguzi wa namna hiyo. Jirani yangu wa kule hajui hata jina la mama yangu.

Sheria tunazo, ya mazingira ya 2004, ya afya ya jamii ya 2009. Kipindupindu cha 2015 kilianzia jiji hilihili sheria zikiwa kabatini. Ninachotaka mimi ni kidogo: mtu mmoja wa ofisi afike kiwanjani na mti kabla muhuri haujagongwa. Hata nauli tutamlipa, kwa risiti.

Jumatatu nikapeleka manispaa ramani mpya, inayoonyesha shimo lilipo kweli. Binti wa mapokezi akaifungua, akaniangalia.

"Kwani kibali huna?"

"Ninacho."

"Sasa baba, unasumbuka nini?"