Chumba cha faragha si anasa

Kuna makala inayosema ofisi za pamoja, yaani zile ambamo watu wa kazi mbalimbali hukodi nafasi kwenye meza moja, zinageuka kuwa vyumba vya kujifungia kwa sababu ya korona. Korona ilichangia, lakini chanzo ni kazi yenyewe. Brad Neuberg alipoanzisha mtindo huu San Francisco mwaka 2005, alikuwa mtayarishaji wa programu aliyetaka uhuru bila upweke. Meza ndefu inamfaa mtu wa aina hiyo.

Hapa Kisumu, ukipanda ghorofa za Barabara ya Oginga Odinga utakuta wahasibu, mawakili na mawakala wa bima. Mhasibu akifungua orodha ya mishahara ya mteja, namba za vitambulisho na PIN za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, zote zimo kwenye skrini, na jirani yuko begani! Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde. Atazilindaje mezani pa watu kumi? Na mama aliyekuja kueleza wakili mgogoro wa shamba la marehemu mumewe, azungumze akisikilizwa na nani?

Kwa hiyo naunga mkono vyumba, ila viwe vyumba kweli. Wenye majengo wengi wanasimamisha mbao nyembamba zisizofika darini, kisha wanapandisha kodi. Sauti inapita juu, neno kwa neno. Jengeni ukuta hadi juu, wekeni mlango unaofungika, na mkodishe hata kwa saa, maana vijana wanaoanza hawana kodi ya miezi mitatu mkononi. Meza ya pamoja ibaki kwa anayeitaka.