Lilipoegeshwa Lilikuwa Linatembea

Sijui ni nani aliyeitunga sentensi hiyo, lakini siku nitakapompata nitamwomba aje anishikie tochi huku mimi nimelala chali chini ya gari. "Lilipoegeshwa lilikuwa linatembea." Hicho ndicho nilichouziwa, gari lenyewe naona nilipewa kama nyongeza. Ni gari dogo la michezo lililotengenezwa Uingereza mwaka 1966, lenye viti viwili, silinda nne, kabureta mbili na boneti ndefu kuliko subira yangu, na lilikuwa limekaa bandani chini ya turubai kwa miaka 18. Muuzaji aliitamka sentensi yake mara tatu, nami, mtu mzima na akili zangu, sikumwuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kama lilikuwa linatembea, basi liliegeshwa kwa nini?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mimi nikichoka hulala, na nikilala hupata nafuu, ilhali gari hulala likaugua. Hili halikuharibiwa na barabara wala na mwendo wa kasi, bali na mapumziko. Tulipofungua kifuniko cha tanki kwa mara ya kwanza kilitoa mluzi mwembamba, fyuuu, na mke wangu akauliza, "Baba watoto, mbona limepumua?" Nikamjibu, kwa ujuzi wa mtu ambaye hajui, kwamba limeshusha pumzi kwa furaha ya kutuona. Kisha harufu ikatufikia. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila hawakutuonya kwamba petroli nayo huiva: ikikaa miaka mingi huchacha, ikanuka kama rangi ya mbao, na kuacha utomvu wa kahawia unaoganda kila mahali, hasa ndani ya vile vitundu vya kabureta ambavyo vimetobolewa vidogo makusudi.

Nikiri kwamba jambo moja nililifanya kwa busara. Kabla ya kugusa swichi nilifungua plagi zote nne, nikamimina oili kidogo katika kila silinda, nikaiacha inywee kwa siku mbili, ndipo nikaizungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, taratibu kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Pistoni zikakubali. Nikajiona fundi, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa kuwa mtu akishajiona fundi huacha kusoma maelekezo.

Nilifunga betri mpya jinsi ninavyofunga betri zote, upande hasi kwenye bodi. Kumbe magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalifungwa kinyume, upande chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Ajabu ni kwamba gari halikulalamika hata kidogo. Taa ziliwaka, kwa kuwa balbu haijali umeme umeingilia mlango gani, na stata ilizunguka kuelekea kulekule inakozunguka siku zote. Kilichojali ni redio peke yake, yenye transista, ambayo ilitoa moshi mwembamba na kunyamaza milele kabla sijaisikia hata sauti yake. Kwa hiyo kitu pekee ambacho hakikuharibiwa na miaka 18 ya banda nilikiharibu mimi kwa dakika moja.

Kabureta nilizifungua mezani, nikazisafisha, nikazifunga, nikabakiwa na springi moja, nikazifungua tena. Katika chujio la hewa nilikuta nyumba ya panya iliyojengwa kwa sponji ya kiti cha dereva, kazi safi kuliko yangu. Waya za plagi nilizichomeka kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4 kama nilivyofundishwa kuhesabu, na injini ikanijibu kwa mlipuko wa bomba la moshi uliomtoa jirani nje na taulo, maana injini hiyo huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2.

Lakini hayo yote ni utangulizi tu ukilinganisha na klachi. Injini ilipowaka hatimaye, nilikanyaga klachi, nikajaribu kuingiza gia, nikapata mlio wa meno ya chuma yakitukanana. Sahani ya klachi ilikuwa imeshikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, hivyo hata nikikanyaga kwa miguu miwili hakuna kilichoachana. Mzee mmoja wa gereji, ambaye huniita kijana ingawa nina mvi, alinishauri nikate kipande cha mbao, nikikaze kati ya pedali na kiti ili klachi ibaki imekanyagwa, kisha nisubiri. Nikamwuliza nisubiri mpaka lini. Akasema, "Mpaka uisikie." Kwa siku sita nilikwenda bandani asubuhi na jioni kusikiliza kipande cha mbao. Siku ya saba, nikiwa mezani, tukasikia "tang!" moja, na mimi nikarukaruka kwa shangwe huku watoto wakiendelea kula, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba baba yao ameshaondoka, umebaki mwili.

Breki zilinifundisha ubaya wa namna nyingine. Gari lilisimama vizuri sana, ila baada ya hapo lilikataa kuondoka. Mipira inayopitisha mafuta ya breki huvimba kwa ndani ikizeeka; ukikanyaga breki, mafuta hupita kwa nguvu ya mguu wako, ukiachia hayana nguvu ya kurudi, na gurudumu hubaki limekumbatiwa. Kwa nje mpira ulikuwa mweusi, mnyoofu, mwenye afya kuliko mimi. Niliibadilisha yote, pamoja na mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu wa hewani hata yakiwa yamefungiwa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu, na mafuta yaliyochemka hayasimamishi gari.

Basi likatembea. Nilitembea nalo kwa muda wa robo saa nikiwa na furaha isiyo na mfano, kisha likakohoa, likapunguza nguvu, likazimika. Nikalisukuma kando, nikakaa dakika kumi nikiwaza maneno ya kumwambia muuzaji, nikapiga stata, likawaka kama lililosingiziwa. Baada ya robo saa likazimika tena. Nilibadilisha kondensa ya mfumo wa cheche. Robo saa. Nilibadilisha koili inayozipa plagi umeme, kwa kuwa koili ikipata joto huweza kugoma. Robo saa. Nilibadilisha pampu ya petroli, nikafunika bomba lake lisipate joto la injini, nikalisemesha kwa adabu. Robo saa, bila kuongeza wala kupunguza.

Mara ya mwisho lilipozimika mke wangu alikuwa pembeni yangu. Alishuka kimya, akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tanki. Fyuuu. Hewa ikaingia kwa kishindo, nami nikapiga stata na likawaka papo hapo. Kile kifuniko kina kitundu cha kupitishia hewa, chembamba kama tundu la sindano, na kimezibwa na uchafu; petroli ikipungua hakuna kinachojaza nafasi yake, tanki hujinyonga lenyewe, na pampu huvuta bure mpaka ichoke. Ndiyo maana liliegeshwa. Lilikuwa linatembea, robo saa kwa robo saa.

Nilikizibua kitundu kwa pini ya mtandio wake. Pini hiyo anaidai mpaka leo.