Kuvu haiulizi umepika nini

Gomesi yangu ya zambarau, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ile niliyovaa kwenye kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, niliileta Leeds, Uingereza, kutoka Jinja nikaitundika kabatini nikingoja shughuli. Shughuli ikaja mwezi wa Februari, harusi ya binti wa rafiki yangu. Naitoa, nakuta mshipi umejaa madoa meusi kama umerushiwa wino. Nikavuta kabati. Ukuta lililouegemea, ule wa mbele ya nyumba, ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi kiunoni, na weusi wenyewe una manyoya. Nilipitisha kidole kikatoka na utelezi. Harufu ni ya gunia la mahindi lililonyeshewa.

Nikiwasimulia watu wa nyumbani hawaniamini. Uingereza na kuvu wapi na wapi? Wao wanaona picha ninazotuma, zulia, kochi, theluji dirishani. Nyuma ya kabati sijawahi kutuma.

Nyumba ninayopanga iko Harehills, ni zile zilizojengwa mgongo kwa mgongo. Ukuta wa kushoto ni wa jirani, wa kulia ni wa jirani, na wa nyuma pia ni wa jirani anayetokea mtaa wa pili. Madirisha yapo upande mmoja tu, wa mbele. Upepo ukiingia hauna pa kutokea. Hata Waingereza wenyewe walilijua hilo zamani: sheria ya 1909 ilipiga marufuku kujenga nyumba za namna hii, lakini Leeds waliendelea kuzijenga hadi 1937, na mpaka leo zimejaa watu, wengi wao wageni kama mimi.

Nyumba za mstari si ngeni kwangu. Nimekulia Walukuba, nyumba za manispaa zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja. Leeds walifuma sufu, sisi tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Nytil na pamba yetu. Kusikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta ni jambo nililonyonya na maziwa. Waganda chumba kimoja cha mstarini wanakiita muzigo, na Mswahili mgeni akiambiwa fulani amepanga mizigo miwili hudhani mtu anasafiri.

Tofauti ipo juu ya dirisha. Walukuba kila dirisha lilikuwa na matundu ya hewa juu yake, usiku na mchana wazi, na mlango ulifunguliwa alfajiri ukafungwa wakati wa kulala. Tuliyachukia matundu yale. Vumbi linaingia, mbu wanaingia, mvua ya Aprili ikipiga kwa pembeni inalowesha kitanda. Mama aliyaziba kwa matambara, baba akirudi kazini anayachomoa. "Mnataka kulala ndani ya chupa?"

Sasa nikiri dhambi yangu. Baridi ya kwanza niliyokutana nayo huku niliona katundu kadogo ka hewa juu ya dirisha kanapuliza upepo wa barafu, nikakaziba kwa gundi ya karatasi. Nikajiona fundi. Nilijifungia ndani ya chupa mwenyewe.

Jambo lenyewe ni rahisi ukilitazama kwa macho ya nyumbani. Toa soda kwenye friji mchana wa Jinja, uiweke mezani, chupa inatoka jasho. Jasho halitoki ndani ya soda, limetoka hewani. Ukuta wangu ndio hiyo chupa. Ni tofali tupu, unene wa inchi 9, hauna uwazi katikati kama nyumba za baadaye, kwa hiyo baridi ya nje inafika mpaka ndani. Pumzi zetu, maji ya kuoga, nguo ninazoanika juu ya redieta kwa sababu nje hazikauki kuanzia Oktoba hadi Machi, vyote vinakwenda kutua pale penye baridi zaidi. Nyuma ya kabati hewa haipiti kabisa. Kuvu haihitaji kualikwa mara mbili.

Nikampigia wakala wa mwenye nyumba. Akaja kijana, simu mkononi, akanusa. Swali lake la kwanza: "Mnapika sana?"

Na kweli napika. Matoke ninayafunga, nayaweka kwenye mvuke saa mbili au zaidi, madirisha yanakuwa meupe kama maziwa. Nilisimama pale nikiona aibu ya sufuria yangu. Akaandika kwenye simu yake kwamba tatizo ni namna tunavyoishi, akaniachia karatasi ya ushauri: fungua madirisha, funika sufuria, usianike nguo ndani. Ushauri si mbaya. Lakini mzee wa nyumba ya kulia kwangu ni Mwingereza, anaishi peke yake na paka, chakula chake ni viazi viwili vya kuchemsha. Nilipomwonyesha ukuta wangu akanipeleka chumbani kwake. Weusi uleule, ukuta uleule wa mbele.

Hapo ndipo aibu ilipogeuka hasira. Niliita afisa wa afya ya mazingira, na nilimwita kwa hofu, maana wakati ule mwenye nyumba aliweza kukutoa kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu. Yule mama alikuja na kifaa chenye misumari miwili, anakichoma ukutani kinasoma maji. Karibu na jiko, mlio mdogo. Ukuta wa mbele kililia kutoka chini hadi darini. Akafungua dirisha, akachungulia juu, akaniita nitazame. Mfereji wa paa kati yangu na mzee ulikuwa umeziba, umeota nyasi, na mvua yote ilikuwa inamwagika kwenye tofali. Mvuke wa matoke ulikuwa na sehemu yake, sikatai, lakini haukupanda kwenye paa ukaziba mfereji. Fundi alipoletwa, baada ya barua, alimaliza kazi kabla chai niliyomwekea haijapoa.

Nchi hii imewahi kulipa bei kubwa kwa swali lile la "mnapika sana". Desemba 2020, Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa familia iliyotoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya kifua yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi walikuwa wamelalamika, wakaambiwa wapake rangi. Uchunguzi wa 2022 ukaweka wazi, na wenye nyumba wakakiri kwamba walikuwa wamejijengea dhana kuhusu maisha ya familia ile, na kwamba walikosea. Sasa kuna sheria yenye jina la mtoto huyo, imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za umma za Uingereza, inayompa mwenye nyumba saa 24 kushughulikia hatari ya dharura. Ninayempangia mimi ni mtu binafsi, kwa hiyo bado naangalia kwa dirishani.

Kwa wanaoniuliza kuhusu jiki: jiki inaondoa rangi, mzizi unabaki, na baada ya wiki kadhaa unarudi kama hujarekebisha chanzo cha maji. Ukiitumia usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Usikwangue ukuta mkavu, vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Vaa glavu, ziba pua, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe. Kabati langu sasa liko shubiri moja kutoka ukutani, gundi nimeibandua, na hita naiwasha kwa moto mdogo kutwa badala ya kuiwasha kwa fujo jioni. Mita inanikula, sitadanganya.

Nilidhani haya ni ya huku tu, mpaka dada yangu aliyeko Kampala aliponitumia picha. Amehamia apatimenti mpya upande wa Kira, laki sita kwa mwezi, vigae vinang'aa, madirisha ya alumini yanayoteleza, dari ya jipsamu. Bafu liko ndani, halina dirisha. Hakuna tundu hata moja juu ya madirisha, maana matundu siku hizi yanaonekana ushamba. Dari ya bafu nyeusi tii. Tumeiga chupa ya Wazungu bila hata ile feni ndogo wanayoweka bafuni kuvuta mvuke nje.

Mwenye nyumba, Hajati mmoja mkarimu sana wa maneno, alipoonyeshwa alisema, "Mwanangu, wewe unaoga maji ya moto mno."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia dada kwamba Uganda tunayo sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, inataka nyumba ya kupangisha ifae kukaliwa na binadamu. Akaniuliza kama nitakuja kumshtaki Hajati mimi. Akaenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, wakakaa, wakanywa chai.

Jana kanipigia. Hajati amekubali, fundi ametoboa ukuta wa bafu na kuweka matofali ya matundu. Kodi imepanda elfu hamsini. Nilipiga hesabu nikitaka kugomba, nikakuta haijafika hata ile asilimia 10 ambayo sheria inamruhusu kwa mwaka.