Mweka: tunafundisha miguu kupanda, halafu tunaivunja kwa kushuka

Jumatatu inayofuata Kilimarathon, yaani mbio za Kilimanjaro Marathon za Moshi, kaa karibu na ngazi yoyote pale Moshi mjini utazame watu wakishuka. Kuna wanaoshuka kinyumenyume, kuna wanaoshuka ubavu, na kuna walioshikilia ukuta kama wametoka kuugua. Kupanda wanapanda tu, taratibu lakini wanapanda.

Mazoezi yetu yana upande mmoja. Programu zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, za Moshi kwa za Arusha, zina "milima" kila wiki, na hazina mstari hata mmoja wa kushuka. Watu wanapanda kwa kujituma, wakifika juu wanajipiga picha, kisha wanashuka ovyo huku wakipiga soga, au wanadandia bodaboda. Kwa maoni yangu huko ndiko magoti mengi yanakoharibikia.

Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi huku ukifupika. Ukishuka unageuka breki: unazuia uzito wa mwili huku wenyewe ukivutwa na kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi zake. Ubaya ni kwamba haikati pumzi. Moyo umetulia, saa inasoma kasi nzuri, unajiona bingwa. Maumivu yanakuja kesho yake na siku ya pili ndiyo yanakolea. Paja likishachoka, mzigo wa breki unahamia kwenye goti na muundi, na hapo si uchovu tena, ni jeraha.

Mashabiki wa riadha wanaijua marathon ya Boston, Marekani, alikomaliza wa pili Mtanzania Juma Ikangaa mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Njia ile inaanza na mteremko kutoka Hopkinton, na wanaoukimbilia kichwakichwa wanaulipia baadaye kwenye vilima vya Newton. Ya kwetu imepangwa kinyume, na naiona ni ngumu zaidi kwa mapaja: kwenye kilomita 42 unapanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nusu ya pili, ukishachoka, halafu unarudi mjini kwa kushuka.

Dawa yake ni nafuu kwa sababu msuli unajifunza haraka. Ukishuka kiasi leo, ukauma kidogo, ukapona, safari ijayo mteremko uleule hautauma sana, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Kwa mbio za mwisho wa Februari, anza Desemba mwanzoni, kabla ndugu hawajajaa nyumbani na ratiba haijamezwa na mbege na nyama. Tafuta mteremko mpole, unaoshuka mita tatu hadi tano kwa kila mita mia, wa moramu kama upo. Wiki ya kwanza shuka mita 150 mara nne, ukirudi juu kwa kutembea. Mara moja kwa wiki inatosha, na wiki hiyo usiweke mazoezi ya kasi karibu yake. Kila wiki ongeza mishuko miwili hadi ufike kumi, kisha anza kushuka kilomita moja bila kukatisha, halafu mbili, halafu tatu mwishoni mwa mbio ndefu ya Jumamosi. Mteremko mkali wa mwisho uwe siku 14 kabla ya mbio. Ukiufanya wiki yenyewe ya mbio, utafika uwanjani na mapaja yaliyokwisha kuchanika.

Nyumbani tumia ngazi yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20. Simama juu kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu wa pili kiguse chini ukihesabu tatu, rudi juu. Mara kumi kila mguu, seti tatu, siku mbili kwa wiki. Tazama goti: likiingia ndani kuelekea goti la pili, ngazi ni ndefu mno au nyonga ni dhaifu, punguza kimo. Vigimbi navyo vinyanyuliwe, mara 15 goti likiwa limenyooka na mara 15 likiwa limekunjwa kidogo, maana ni misuli miwili tofauti.

Sasa namna ya kushuka. Kosa kubwa ni kuegemea nyuma na kutupa mguu mbele. Kila hatua ya namna hiyo ni kufunga breki kwa kisigino, na goti lililonyooka linapokea kishindo chote. Hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue karibu na chini ya nyonga, goti likiwa limelegea. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30: ukipata 40 au pungufu, unarusha hatua ndefu mno, ongeza tatu au nne. Na kama unakimbia pembeni ya lami ukitazamana na magari, inavyopasa, kumbuka barabara imeinamishwa ili maji yatoke, kwa hiyo mguu wa kulia unakanyaga chini kidogo siku zote. Baada ya wiki nyingi, maumivu ya upande wa nje wa goti yanaweza kutokea hapo. Siku moja moja nenda njia za vumbi za mashamba ya miwa huko TPC, ambako ardhi ni tambarare.

Raba za mtumba sina ugomvi nazo. Soko la Memorial, pale Moshi, unaweza kupata nzuri kuliko za dukani. Ila usidanganywe na soli ya chini isiyolika. Bonyeza sponji ya kisigino kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo isiyorudi, imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, iache. Na iwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo mteremko utakula kucha.

Muundi ukiuma, pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Maumivu yaliyotapakaa kama upana wa kiganja, yanayopungua ukipata moto, punguza kilomita na uache mteremko wiki mbili. Maumivu ya sehemu moja ndogo, yanayokusumbua hata usiku kitandani, acha kukimbia uende hospitali, na usimruhusu mtu akuchue hapo. Eksirei ya wiki za kwanza inaweza isionyeshe ufa, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" si ruhusa ya kurudi barabarani. Kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili "kujikinga" ni ujinga mtupu: unazima kengele, na figo zilizokaukiwa maji zinabeba adhabu.

Siku yenyewe, ukimaliza kupanda, simama sekunde 20. Fungua kamba, sukuma kisigino nyuma kabisa ndani ya raba, kaza upya matundu ya juu ili mguu usiteleze mbele. Kilomita mbili za kwanza za mteremko waache wanaokupita wakupite.