Mwongozo wa malezi na mtu anayeushika

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yalipotoka 2011 wengi walishtuka. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa kama 1 katika kila 7. Ukatili wa kimwili ndiyo usiseme: karibu robo tatu ya vijana walioulizwa walikuwa wameupitia.

Tangu hapo kazi ya wanaohudumia familia imebadilika. Zamani afisa ustawi wa jamii aliingia kwenye nyumba yenye ugomvi na yale aliyofundishwa chuoni, mengine akayaokota njiani. Siku hizi mara nyingi anapewa mwongozo: vikao vingapi, kila kikao kina mada gani, mzazi aulizwe maswali yapi mwanzoni na mwishoni ili ijulikane kama kuna kilichobadilika. Wapo wanaoushukuru mwongozo huo, na wapo wanaosema familia haifundishwi kwa kitabu. Mabishano haya nimeyasikia mara nyingi, na hayanipi raha, kwa sababu pande zote mbili zina hoja nzito lakini zote zinakiangalia kitabu tu.

Wanaoutetea mwongozo hupenda kutaja Eastern Cape, Afrika Kusini. Huko programu iitwayo Sinovuyo Teen, iliyoandaliwa na watafiti wa vyuo vikuu pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilijaribiwa kwa familia 552 katika maeneo 40. Wazazi na vijana wao walikaa vikao 14. Matokeo yalichapishwa 2018: miezi 5 hadi 9 baada ya vikao, walezi waliohudhuria walisema wanawapiga na kuwatukana watoto kidogo kuliko walezi wa maeneo ambayo hayakupata programu hiyo. Ilipoletwa Tanzania ikaitwa Furaha Teens, na kati ya 2020 na 2021 ikawafikia makumi ya maelfu ya wazazi na vijana.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Busara peke yake, wanasema, imewahi kuumiza. Na ni kweli. Kila aliyefanya kazi kwenye kata anakijua kile kikao cha mkekani: binti wa miaka 14 yuko chumba cha ndani, wazee wako sebuleni wanahesabu faini, na kijana au baba mdogo aliyemharibia maisha anaombewa msamaha ili "yaishe kifamilia". Waliokaa pale ni watu wazima, wanaheshimika, na wameamua ugomvi wa ndoa na mirathi kwa miaka mingi. PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka mtoto hospitali, haijachukuliwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka, lakini hapo mkekani hakuna anayeitaja. Afisa kijana asiye na utaratibu wowote mkononi atawezaje kuwakatalia wazee hao? Mwongozo unampa pa kuegemea. Anaweza kusema, "Shikamooni wazee wangu, kazi yangu hainiruhusu kulimaliza hili hapa."

Upande wa pili nao nimeuona kwa macho. Bibi mmoja anayelea wajukuu wanne alifika kwenye kikao cha wazazi akiwa na kadi ya kliniki ya mdogo wao. Tangazo la mtendaji lilisema "malezi chanya", yeye akasikia chanjo. Dada aliyeendesha kikao hakumrekebisha mbele ya watu. Alimpisha nafasi kwenye mkeka, akamwambia, "Bibi, leo tunazungumzia kulea bila fimbo." Bibi akajibu, "Haya mwanangu, niambie unaleaje."

Neno hilo, "kulea bila fimbo", halikuwemo kwenye kitabu alichopewa yule dada. Alilitoa kichwani. Maswali ya kupima malezi nayo yana shida hiyohiyo ya lugha. Mama anaulizwa ni mara ngapi mwezi huu alimsifia mtoto wake. Katika nyumba nyingi zetu, kumsifia mtoto usoni ni kumvimbisha kichwa, kwa hiyo anajibu "sijawahi". Kwenye karatasi anaonekana mzazi asiye na upendo, na kila jioni ndiye anayemwekea mtoto huyo ukoko wa wali pembeni ili wenzake wasiumalize.

Zimbabwe walianzia upande huo wa lugha. Daktari Dixon Chibanda na wenzake walijenga huduma yao ya benchi la urafiki, ya kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, juu ya neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili analielewa mara moja. Na sisi tunasema mtu "ana mawazo". Wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi hayo ni akina bibi wa mitaa hiyohiyo. Nao walipimwa: wagonjwa 573 katika kliniki 24 za Harare, matokeo yakachapishwa 2016, na waliopata huduma hiyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Sasa tafiti hizi mbili zisomwe hadi mwisho. Sinovuyo haikuonyesha mabadiliko katika tabia za vijana wenyewe, ila tu walisema wanatumia vileo kidogo, na habari za kipigo kupungua zilitoka hasa kwa walezi. Hilo lilipaswa kuwapunguzia sauti watetezi wa mwongozo. Lakini pia waendeshaji wa vikao, watu wa maeneo yale, walifunzwa na kufuatiliwa, na mzazi aliyekosa kikao alifuatwa nyumbani. Bibi wa Harare naye ana mtu wa kumpelekea kesi iliyomshinda. Kote kuwili, nyuma ya kitabu kulikuwa na mtu.

Huyo mtu ndiye anayekatwa kwanza bajeti ikibana. Furaha Teens ilitegemea fedha za Marekani kupitia USAID, na mwaka 2025 USAID ikafungwa. Vitabu havihitaji mshahara, vinaweza kubaki kabatini miaka. Afisa wa kata je? Amesikiliza simulizi ya mtoto kwenye dawati la jinsia hadi saa kumi na moja jioni, amelipa bodaboda kwa hela yake, na anarudi nyumbani na maneno yale kifuani. Kesho ana familia nyingine.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya halmashauri, ningeiomba siku moja ya wiki ambayo maafisa wote wa kata wanakaa na mwenzao mzoefu, kila mmoja na kesi moja iliyomlaza macho, na maneno kama ya yule dada yaandikwe hapo ili yaingie kwenye toleo linalofuata la mwongozo. Ningeanza na nauli zao.