Siku IST Yangu Ilipoomba Chai

Baba mkwe alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: Jumatatu alfajiri nimfikishe Stendi ya Magufuli pale Mbezi, awahi basi la Makambako. Basi linaondoka saa kumi na mbili, kwa hiyo sisi Tabata tutoke saa kumi. Nikamwambia, "Baba, hilo ondoa shaka." Ningeishia hapo nikaenda kulala, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Shida ilikuwa ni kule kugutuka. Toyota IST yangu, gari la otomatiki la mwaka 2004, ilikuwa imeanza tabia. Ukiitoa gia kwenye P ya kuegesha ukaipeleka D ya kwendea, inanyamaza kwanza kama mtu anayepima akuitikie au akupotezee, halafu inashtuka, tii! utadhani imekanyagwa kidonda. Fundi wetu wa chini ya mwarobaini alishaniambia kuwa oili ya giaboksi imechoka. Lete kopo la lita nne, ile ya Toyota iliyoandikwa T-IV, na ya mkono wake ni shilingi 25,000. Kufungua nati na kufunga nati, 25,000! Nikasema huyu kaniona mimi shamba la bibi.

Usiku ule nikaingia YouTube. Nikamkuta jamaa wa huko Marekani, gari lake limening'inia hewani kama shati kwenye kamba, sakafu ya gereji inang'aa kuliko sahani zetu, mikononi kavaa glavu. Anafungua, oili inashuka, anafunga, anajaza, anafuta mikono, kwaherini. Dakika kumi na moja, na humo humo kuna tangazo la dawa ya meno. Alitoa kanuni moja iliyonikaa kichwani: pima kilichotoka, kisha rudisha kiasi hicho hicho. Kanuni ni sahihi kabisa, na mpaka leo sina ugomvi nayo.

Jumapili baada ya ubwabwa nikatandika mkeka pembeni ya gari. Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Neema, si ungesubiri Baba asafiri kwanza?"

Hakuelewa. Mimi nilitaka Baba aone.

Maana mzee huyu ameendesha lori miaka ishirini na miwili, Dar mpaka Tunduma na kurudi. Mlima Kitonga anaujua kama ngazi za nyumbani kwake. Kwake yeye gari la otomatiki ni kiti chenye redio. Siku nilipokwenda kumpokea alikaa mbele, akachungulia miguuni pangu, akahesabu pedeli, akauliza, "Hii nyingine imeenda wapi?" Nikamjibu, "Klachi haipo, Baba. Inajibadilishia gia yenyewe." Akasema, "Yenyewe," kwa ile sauti mtu anayorudia jina la marehemu akipewa habari kwenye simu. Basi nikataka ajue binti yake hakuolewa na mtu wa kukanyaga na kuachia tu.

Nikapiga jeki. Baba, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, akainuka bila neno, akaviringisha tairi la spea na kulisukumiza uvunguni. "Jeki haina undugu," akasema, akarudi kukaa. Huo ndio ushauri pekee alionipa mchana ule bila kuuliza kwanza.

Sasa, uvunguni kule kuna giza, kuna vumbi, na kuna nati mbili za kumwagia. Moja ni nati ya kawaida, kichwa kimetokeza, inataka spana ya kumi na nne, na hiyo ninayo. Ya pili ina shimo la pembe sita katikati, inataka elenki ya kumi. Mimi nilikuwa na elenki moja tu, ile iliyokuja na meza ya TV, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Nikalala pale chali nikafikiri kisomi. Toyota ni watu wenye akili. Wameuza magari dunia nzima, mpaka vijijini kwetu. Hawawezi kuweka nati muhimu namna hii ikawa inafunguka kwa kifaa ambacho sina. Kwa hiyo ni hii ya spana.

Miguu ya Baba ikaja ikasimama karibu na kichwa changu. "Mwanangu, una hakika ni hiyo?"

Nikamjibu kutokea uvunguni, na maneno haya ningeweza kuyanunua tena yarudi mdomoni ningekopa: "Baba, hizi gari za siku hizi si kama yale malori yenu."

Kimya. Kisha, "Sawa." Miguu ikaondoka.

Nati ikafunguka bila ubishi, oili ikaruka ndani ya beseni. (Beseni ni la mke wangu la kukandia maandazi. Kesi hiyo inajitegemea, na bado inasikilizwa.) Ilitoka nyeusi tii, kama kahawa ya kijiweni. Nikafurahi kweli. Si fundi alisema imechoka? Hii haikuchoka tu, hii ilishastaafu. Nikaivuta nje nikamwonyesha mzee. "Umeona, Baba, ilivyoungua?"

"Nyeusi kweli," alisema.

Nikaipima kwa chupa tupu za maji, kwa kufuata kanuni: lita tatu na nusu. Nikiwa napima akapita jirani yangu seremala, ambaye hupaka oili chafu kwenye nguzo zake kuzuia mchwa. Akachovya kidole, akanusa. "Bosi, hii usimwage. Oili ya injini kama hii mchwa hawaisogelei."

"Hiyo ni ya giaboksi," nikamsahihisha.

Seremala akamwangalia Baba. Baba akauangalia mwembe. Seremala akabeba chupa zake akaenda, na kwa mbali nilimsikia anakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia jambo lingine.

Kujaza kukawa kazi. Oili ya giaboksi ya IST inaingilia pale pale kwenye bomba la dipstiki yake, ule ujiti wa kupimia oili, na bomba lenyewe ni jembamba. Nikakata chupa ya soda ikawa faneli, nikaunganisha na kipande cha mpira wa maji, nikaanza kumimina kidogo kidogo. Ile oili mpya ni nyekundu, inapendeza, na nilikuwa nimeitia kwenye jagi. Mtoto wa mpangaji mwenzangu akaja na sarafu mkononi: "Anko, choya bei gani?" Nikamfukuza. Lita tatu na nusu zikaisha baada ya saa nzima, mgongo ukiwa umepinda kama upinde. Nikachomoa dipstiki kuangalia, ikatoka imelowa mpaka shingoni. Nikaifuta, nikairudisha, ikatoka imelowa vile vile. Nikajisemea kuwa hiyo ni oili iliyonata kwenye kuta za bomba, itashuka.

Nikashusha jeki. Nikamwita mke wangu aje akae pembeni ashuhudie jinsi D itakavyoingia kama kisu kwenye siagi. Nikawasha.

"Baba Neema," akasema, "mbona inaonyesha birika?"

"Birika gani?"

"Hilo hapo, jekundu. Lina na tone mdomoni. Ndiyo inaomba chai?"

Kabla sijajibu, kivulini ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mzee yule. Nadhani ndiyo aliyokuwa akimpigia utingo pale Kitonga breki zikianza kunuka. "ZIMA!"

Nikazima. Injini ilikuwa imeunguruma kwa sekunde nne au tano, na muda wote huo nilikuwa nalitazama birika.

Baba akaja taratibu, akakunja mikono ya shati, akavuta ile dipstiki nyingine, ya injini, yenye kishikio cha njano. Akaifuta kwa leso, akairudisha, akaitoa tena, akanionyesha. Kavu. Ungeweza kuchokolea meno.

"Mwanangu," akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko yale makelele, "oili ya injini umeimwaga yote. Hii nyekundu umeiongeza kwenye giaboksi iliyokuwa imeshiba."

Yaani gari lile wakati huo lilikuwa na ukame upande mmoja na mafuriko upande wa pili. Fundi alikuja kunifafanulia baadaye kwamba giaboksi ya otomatiki haitumii oili kulainisha tu. Presha ya oili hiyo hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani na kubadilisha gia. Ikizidi, vinavyozunguka humo huipiga kama mtu anavyopiga mayai, inatoa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma kitu. Tena ukifungua nati yake haitoki oili yote. Kwenye gari kama langu zinashuka lita tatu hivi, nyingine zinabaki kwenye tobo konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi, na njia zake. Yote hayo jamaa wa Marekani huenda aliyasema. Huenda ndipo nilipokuwa naruka tangazo la dawa ya meno.

Kupunguza sasa. Elenki ya kumi, Jumapili, saa kumi na moja jioni! Maduka ya vifaa yamefungwa. Fundi pikipiki wa kituoni anayo ya nane. Tuliijaribu, ikazunguka ndani ya nati kama kijiko kwenye kikombe. Ndipo Baba akanituma duka la dawa: mrija wa dripu mmoja na bomba la sindano kubwa kuliko yote waliyonayo. Dada wa duka akaniangalia nilivyopakaa oili. "Mgonjwa ana nini?"

"Amezidishiwa dozi."

Nikarudi na bomba la mililita 50. Hesabu ni nyepesi na ni katili: lita tatu na nusu ni mara sabini. Tukatumbukiza mrija kwenye njia ya dipstiki, nikawa navuta, namwaga, navuta, namwaga, huku Baba amekaa anahesabu kwa sauti kama mzee wa kanisa anayehesabu sadaka. Nilipofika thelathini na mbili nikamwambia mkono umekufa ganzi. "Hata kusamehe ni sabini mara saba," akasema. "Wewe umepewa sabini moja tu. Thelathini na tatu."

Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamezunguka. Yule wa choya akawa anawaeleza wenzake kuwa gari linatolewa damu.

Giza likaingia. Nikapanda boda mpaka sheli, nikanunua kopo la oili ya injini. Baba akamimina mwenyewe kwa mwanga wa simu ya Mama Neema, anatia, anasubiri, anapima, anatia tena, mpaka alama ilipokaa alipopataka. Akaniambia niwashe. Birika likatokea. Sote watatu tukaliangalia bila kupumua. Sekunde moja, mbili, likazimika.

"Imeshakunywa," akasema mke wangu, akaingia ndani.

Ya giaboksi ilibidi tuipime injini ikiwa inawaka na imepata moto, baada ya kupitisha mkono wa gia P, R, N, D na kurudi P, kwa sababu hiyo ndiyo namna yake, kinyume na ya injini. Ilikuwa bado imezidi kidogo. Nikaongezewa mivuto mitatu. Tukamaliza saa nne na nusu usiku.

Alfajiri tukatoka. Nikaingiza D kwa hofu, na ajabu, gari likaondoka bila kugutuka sana. Katika kujaza na kunyonya kule, nadhani nilikuwa nimeibadilisha oili nusu kwa bahati. Sikujisifu. Tulipita Ubungo kimya, barabara tupu, mpaka Kimara ndipo nikapata ujasiri.

"Baba, ulijua?"

"Tangu uliposhika spana."

"Sasa Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza. Ukanijibu." Akatazama dirishani. "Nyumba ni yako, gari ni lako. Mimi mgeni. Nikasema atapima kabla hajawasha, maana kila dereva anapima."

Neno "dereva" lilikaa kati yetu mpaka Mbezi.

Nilimpandisha basi, nikamsogezea begi lake, tukaagana. Nyumbani nikalikuta beseni limeegemezwa mlangoni, niliangalie vizuri kila nikiingia na kutoka. Gharama ya mambo yote sikuijumlisha. Mama Neema aliijumlisha, kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji.

Jioni simu ikaita mlio wa ujumbe. Kabla hata hajatuambia kama amefika salama, baba mkwe alikuwa amenitumia hela: shilingi 25,000. Nikiwa bado naikodolea macho, ukaingia na ujumbe wake wa maandishi.

"Ya fundi hiyo. Na ya kutolea nimeweka."